Umejiandikisha SHA, lakini je, umelipa?

Tuseme unaishi Nyamira, una nusu ekari ya majani chai na migomba kando ya nyumba. Ulibonyeza *147# ukajiandikisha na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Je, mkeo akihitaji kupasuliwa ili ajifungue katika hospitali ya kaunti, bima itamlipia? La, ikiwa ulikomea hapo.

Hapa ndipo wengi hukanganyikiwa. SHA ilichukua mahali pa NHIF, iliyoanzishwa 1966, mnamo Oktoba 1, 2024, nayo ina mifuko mitatu. Wa kwanza hugharamiwa na serikali na hulipia matibabu katika zahanati na vituo vya afya. Huko kujiandikisha kunatosha. Lakini ukipelekwa hospitali ya rufaa, Nyamira au Kisii, unaolipa ni mfuko wa pili, na huo ni wa waliotoa mchango. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, kama vile saratani, yanapomaliza kiwango cha ule wa pili.

Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi. Wewe mkulima huulizwa maswali, mapato ya nyumba yako yakakadiriwa, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Zamani asiye na ajira alilipa NHIF Sh500 kwa mwezi, kwa hivyo maskini kabisa amepunguziwa. Linalomlemea ni huo mkupuo. Nyumba nyingi za huku hushika pesa za maana mara moja kwa mwaka, bonasi ya chai inapotoka, na karo huwa tayari inazingoja! Mpango wa Lipa SHA Pole Pole ulianzishwa 2025 kwa sababu hiyo.

Jambo hili linamgusa pia jirani yako aliyelipa. Kwa sheria ya 2023, hospitali za umma hubaki na pesa zinazokusanya. Wagonjwa wasio na bima wakishindwa kulipa, hospitali hukosa za kununulia glavu na dawa, naye jirani huandikiwa karatasi akanunue dukani.

Bonyeza *147# tena uone umefikia wapi, na kama watoto wote wamo. Shinikizo la damu, hata hivyo, lisingoje bonasi. Nenda ukapimwe kwenye zahanati.