Je, Wajua? Tembo Mwenye Laini ya Simu na Lango Linalosikia Mnong'ono

Kihisi kidogo kimefungwa kwenye kola ya tembo, shingoni mwa ng'ombe au kwenye kontena la mizigo. Kilometa kadhaa kutoka hapo, juu ya mnara, lango linanasa taarifa zake na kuzipeleka intaneti, na mwenye mali anaona nukta kwenye ramani. Kati ya kola na nukta hiyo yapo mambo ambayo muuzaji hakwambii. Twende nayo mojamoja.

Je, wajua kwamba tembo wa Kenya alikuwa akituma SMS? Dume aitwaye Kimani, wa hifadhi ya Ol Pejeta, alifungwa kola yenye laini ya simu. Kila alipokaribia mpaka uliochorwa kwenye kompyuta, kola ilituma ujumbe kwa askari wa wanyamapori, nao wakamuwahi kwa gari kabla hajavamia mashamba. Habari zake zilizagaa duniani mwaka 2008. Kasoro ya njia hiyo inajulikana: pasipo mnara wa simu, tembo ni bubu.

Je, wajua kwamba dawa ya ububu huo ilitoka Ufaransa? Teknolojia ya redio iitwayo LoRa ilibuniwa na kampuni ndogo ya Cycleo mjini Grenoble, ikanunuliwa na Semtech ya Marekani mwaka 2012. Mtandao unaojengwa juu yake huitwa LoRaWAN, na mwaka 2021 shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, liliupitisha kuwa kiwango cha kimataifa. Mwenye hifadhi au shamba anaweza kusimika lango lake mwenyewe bila kusubiri kampuni ya simu.

Je, wajua kwamba Akagera walitangulia? Hifadhi hiyo ya Rwanda ilipata mtandao wa LoRaWAN mwaka 2017, mwaka uleule faru weusi 18 walipoletwa kutoka Afrika Kusini, baada ya nchi kukaa takriban miaka kumi bila faru.

Je, wajua kwamba kihisi hunong'ona? Barani Ulaya kikomo cha kawaida cha nguvu ya kutuma ni miliwati 25. Simu ya 2G inaweza kufikisha wati 2, yaani mara 80 ya hapo. Hata hivyo, mwaka 2017 kihisi kilichorushwa kwa puto hadi kimo cha kilometa 38 kilisikika na lango lililokuwa umbali wa kilometa 702, mjini Wrocław, Poland. Usidanganyike lakini: huko angani hakuna mti wala ghorofa. Mjini, kilometa mbili hadi tano ni kazi nzuri.

Je, wajua kwamba lango husikia hata kilichofunikwa na kelele? Mawimbi ya LoRa hupanda na kushuka masafa kwa mpangilio maalumu, kama milio ya popo. Kwa kuutambua mpangilio huo, lango hunasa ujumbe uliofifia mpaka ukazidiwa nguvu na kelele za redio zinazouzunguka.

Je, wajua kwamba unaweza kununua vifaa vizima visivyoongea na lango lako? Vifaa vya Ulaya hutumia masafa ya megahezi 863 hadi 870. Vya Marekani, 902 hadi 928. Kihisi cha 915 na lango la 868 havitasikilizana hata ukiviweka meza moja. Kabla ya kulipa, soma namba iliyoandikwa kwenye kifaa, kisha uulize mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako, TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya, ni masafa gani yanaruhusiwa.

Je, wajua kwamba lango linaweza kuungua siku ya kwanza? Antena hufungwa kabla ya kuwasha umeme. Bila antena, nguvu ya kutuma hukosa pa kutokea, hurudi ndani na kuharibu saketi. Mafundi wazoefu hukaza antena kwa mkono, wakaikagua mara ya pili, ndipo wakachomeka waya wa umeme.

Je, wajua kwamba kuona mnara hakutoshi? Mawimbi ya redio huhitaji nafasi iliyo wazi kuzunguka mstari wa macho. Kwa umbali wa kilometa 10 kwenye masafa ya 868, nafasi hiyo hufikia takriban mita 29 kila upande pale katikati. Kilima au msitu ukiingia humo, ujumbe hudhoofika hata kama mnara unauona kwa macho yako. Ndiyo maana mita chache za kupandisha antena huzaa matunda zaidi kuliko kununua kihisi cha bei kubwa. Na lango ulilolificha chini ya paa la bati usililaumu lisiposikia.

Je, wajua kwamba waya mrefu unakula ujumbe? Waya wa antena hupoteza nguvu ya mawimbi kwa kila mita. Weka lango karibu na antena, kisha refusha waya wa mtandao, ambao unaweza kubeba data na umeme kwa pamoja hadi mita 100. Usisahau kinga ya radi na waya wa kwenda ardhini, hasa kanda ya Ziwa Victoria, ambayo ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani.

Je, wajua kwamba kwenye namba za kihisi hakuna herufi O? Kuandikisha kihisi kwenye seva ya mtandao, inayopokea ujumbe kutoka kwa lango, kwa njia ya kawaida kunahitaji namba tatu: DevEUI yenye tarakimu 16, JoinEUI yenye 16, na AppKey yenye 32. Zote hutumia 0 hadi 9 na A hadi F tu. Kila cha duara ni sifuri. Pa kuangalia kwa makini ni B na 8, au D na 0. Tarakimu moja ikikosewa, kihisi kitabisha hodi mchana kutwa kisifunguliwe.

Je, wajua kwamba lango halijui limebeba nini? Ujumbe husimbwa kwa funguo za AES za biti 128 tangu ndani ya kihisi, na lango huupitisha kwa seva ukiwa umefungwa. AppKey ikivuja, ulinzi wote umekwisha. Picha ya kibandiko chenye namba za kihisi cha faru haipaswi kuzunguka kwenye kundi la WhatsApp.

Je, wajua kwamba kihisi husikiliza kwa muda mfupi mno? Kikishatuma ujumbe, kihisi cha daraja A, lile la msingi, hufungua sikio baada ya sekunde 1, na tena baada ya sekunde 2, kisha hulala. Kikiwa kinaomba kujiunga kwa mara ya kwanza, husubiri sekunde 5 na 6. Intaneti ya lango ikichelewesha jibu, sikio limeshafungwa.

Je, wajua kwamba kujaribia mezani kunaweza kukupotosha? Kihisi kikigusana na lango, mawimbi huzidi nguvu na upokeaji huvurugika. Kitenge mita kadhaa. Halafu kitoe nje, mahali peupe: kipokezi chake cha GPS kikiwashwa mara ya kwanza kinaweza kuchelewa, kwani setilaiti hutuma taarifa kwa kasi ya biti 50 tu kwa sekunde, na orodha nzima ya setilaiti huchukua dakika 12 na nusu.

Je, wajua kwamba umbali hulipwa kwa betri? Ujumbe wa baiti 10 kwa mpangilio wa kasi, SF7, hukaa hewani takriban milisekunde 60. Kwa mpangilio wa mbali, SF12, hufika karibu sekunde 1 na nusu. Kihisi kilicho mbali na lango hutumia betri zaidi kwa maneno yaleyale. Hata hewa ina mgao: kwenye sehemu kubwa ya masafa hayo Ulaya, kifaa huruhusiwa asilimia 1 ya muda, sawa na sekunde 36 kwa saa.

Je, wajua kwamba kihisi hakina lango lake? Kikituma, malango yote yaliyo karibu husikia, na seva hubakiza nakala moja. Malango matatu yenye saa sahihi yanaweza hata kukadiria kilipo bila GPS, ingawa si kwa usahihi uleule.

Basi ukipanga bajeti, anza na mnara, antena na kinga ya radi, kisha pita na kihisi kimoja eneo lote ukipima panaposikika na pasiposikika. Vihisi vilivyobaki nunua baada ya hapo.