Mawe ya mfereji wa nyongo: kuyatoa bila kupasua tumbo

Nyongo hutengenezwa na ini, huhifadhiwa kwenye kifuko kilicho chini yake, kisha humwagika utumboni kupitia mfereji ambao kwa kawaida hauzidi upana wa milimita 6 hivi. Jiwe lililojijenga kifukoni likitoka na kukwama mferejini, macho huwa ya manjano, mkojo hukolea kama chai ya rangi, choo hupauka, na maumivu hukaa chini ya mbavu za kulia. Homa ya kutetemeka ikiongezeka, vijidudu vimeingia mferejini, na hiyo ni dharura.

Kwenye pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, kuanzia Mocímboa da Praia hadi Palma, dalili hizo hudhaniwa kwa urahisi kuwa ni malaria au homa ya ini. Zaidi ya hayo, mgonjwa wa selimundu huweza kupata mawe tangu utotoni, na minyoo mikubwa ya tumbo huweza kupanda hadi mferejini na kuuziba.

Kipimo cha kwanza ni altrasaundi. Huonyesha vizuri mawe ya kifukoni, lakini ya mferejini mara nyingi hufichwa na gesi ya utumbo. Mfereji uliotanuka ndio humtia daktari shaka.

Kuyatoa mawe bila kupasua tumbo kulianza mwaka 1974, Ujerumani na Japani. Mgonjwa akishapewa dawa ya usingizi, mrija wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi mfereji unapofungukia utumboni. Dawa maalumu huingizwa ili eksirei ionyeshe jiwe lilipo. Waya wa umeme hukata kidogo mlango wa mfereji, kisha kikapu cha waya au puto hulivuta jiwe, nalo hutoka na choo. Jiwe likigoma, huwekwa kijibomba cha plastiki nyongo ipite. Hatari kubwa ni kongosho kuvimba, kuvuja damu na utumbo kutoboka.

Baadaye kifuko nacho huondolewa kupitia matundu madogo, mawe yasirudi.

Vifaa hivi ni vya hospitali kubwa. Rufaa ya Palma huelekea Pemba ya Msumbiji, kisha Nampula. Wanaovuka mto Ruvuma kuingia Tanzania hufika Mtwara, na kutoka huko Muhimbili, Dar es Salaam, ambako huduma hii ipo. Safari ni ndefu, na vita vilivyoanza Cabo Delgado mwaka 2017 vimeifanya ngumu zaidi, hivyo dripu na antibayotiki za sindano huanzishwa kituoni kabla ya kuondoka. Pasipo mashine, daktari hupasua tumbo na mfereji: kidonda huwa kikubwa na kupona huchukua majuma, lakini jiwe hutoka.