Tezi Moja: Mnyaa na Jamaa Yake Adimu

Mnyaa, ambao jina lake la kitaalamu ni Euphorbia tirucalli, hupandwa kuwa uzio wa nyumba na mazizi katika nchi ya Buha hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kwa kuwa ni wa kawaida mno, ni wachache wauchunguzao. Hata hivyo, hakuna kielelezo chema kuliko huo cha kumfahamisha mwanafunzi wa Kigoma au Ujiji habari za jamaa yake aliye adimu, yaani mimea ya Monadenium.

Mimea hii ni ya familia moja na mhogo na mbono. Mashina yake manene huhifadhi maji ya kuuvusha mmea wakati wa kiangazi, na yakikatwa hutoa utomvu mweupe. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni waweza kupofusha. Ukimpata mtu, jicho lioshwe mara moja kwa maji mengi, kisha apelekwe hospitali.

Kinachoonekana kuwa ua katika jamii hii ni mkusanyiko wa maua. Ndani ya kikombe kidogo mna maua ya kiume, kila moja likiwa stameni moja tu, na katikati ua moja la kike lisilo na petali. (Mnyaa wenyewe aghalabu hutenganisha jinsi: mti huu wa kiume, ule wa kike.) Ukingoni mwa kikombe cha mnyaa zipo tezi 5 za manjano, kila moja peke yake.

Katika Monadenium tezi hizo zimeungana mfano wa bangili iliyokatwa upande mmoja, na ua la kike huchomoza kupitia mwanya huo. Ndiyo sababu mwaka 1894 Mjerumani Ferdinand Pax aliipa jenasi hiyo jina la Kigiriki lenye maana ya tezi moja. Bangili ikiwa nzima, mmea huitwa Synadenium.

Spishi za Monadenium ni kama 70, nazo ni nyingi zaidi Tanzania kuliko nchi nyingine yoyote. Baadhi ni mimea midogo ijifichayo ardhini kwa kiazi wakati wa kiangazi. Nyingine ni vichaka, na Monadenium spinescens hukua kuwa mti wenye miiba. Kadhaa zinajulikana katika sehemu chache tu, hata kufyeka kilima kimoja kwaweza kuwa hasara isiyorudishika. Peter Bally, Mswisi aliyefanya kazi Nairobi, alizieleza katika kitabu cha mwaka 1961.

Mwaka 2006 Peter Bruyns na wenzake, wakitegemea uchunguzi wa DNA, walionyesha kwamba Monadenium na Synadenium zimechipuka ndani ya Euphorbia, wakaziingiza humo. Uamuzi huo ni wa haki, ingawa unawasumbua walimu: Monadenium magnificum sasa ni Euphorbia magnifica, na anayetafuta habari zake hana budi kutafuta kwa majina yote mawili.