Fahamu: Vibete vya kahawia, majirani wa Jua wasioonekana

Usiku wa Aprili usio na mbalamwezi, wavuvi wa Kibirizi, Kigoma, wakiwasha taa kuvuta dagaa, kundinyota la Tanga huonekana upande wa kusini. Humo, umbali wa miaka ya nuru 6.5, kuna vibete viwili vya kahawia, Luhman 16. Jicho halivioni.

Kibete cha kahawia kina uzito mdogo mno kuunguza hidrojeni kama nyota.

Kevin Luhman alivigundua 2013 kwa data za WISE, darubini ya angani iliyokuwa ikinasa joto. Mwaka 2014 akatangaza kibete WISE 0855, chenye baridi kuliko mchana wa Kigoma!

Kioja zaidi ni kibete “Ajali”, alichokiona kwa bahati Dan Caselden, mwanasayansi wa kujitolea, akitafuta vingine. Mwaka 2025, darubini ya James Webb ilithibitisha kwamba kina gesi ya silani (silikoni na hidrojeni).