Marejeleo ya tasnifu: jinsi ya kuyatunza kwa simu kabla hayajapotea

Mwalimu wa shule ya msingi anayesoma kwa masafa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, muuguzi wa zahanati aliyerudi darasani kutafuta shahada, afisa ugani anayeandika ripoti ya mradi: wote hufika mahali pamoja. Kazi imeandikwa, kurasa zimetimia, kisha msimamizi anauliza, "Maelezo haya umeyatoa wapi?" Kitabu kilisomwa miezi minane iliyopita katika maktaba ya mjini, kikarudishwa rafuni. Kukifuata tena ni nauli ya kwenda na kurudi, na pengine kulala huko. Wengi huishia kufuta aya nzima, hata kama ilikuwa nzuri. Wengine hubuni ukurasa na kuomba Mungu asiulizwe mtu.

Tatizo hilo lina dawa, na sehemu kubwa ya dawa hiyo ni ya bure na inafanya kazi kwenye simu ya mkononi.

Tuanze na maana. Marejeleo ni taarifa zinazomwezesha msomaji kukipata chanzo ulichokitumia: nani aliandika, mwaka gani, kichwa cha kazi, nani alichapisha, ukurasa wa ngapi. Huandikwa mara mbili: kwa ufupi ndani ya maandishi pale unapotumia hoja ya mtu, na kwa ukamilifu katika orodha ya mwisho. Kinachowachosha wanafunzi ni kwamba kila chuo au jarida lina mtindo wake. Mtindo wa APA, unaotumika sana katika elimu na sayansi ya jamii, unataka jina la mwandishi na mwaka kwenye mabano. Vancouver, unaopendwa na watu wa tiba, unataka namba, na orodha inafuata mpangilio wa namba hizo. Ukiongeza chanzo kimoja katikati ya sura ya pili, namba zote zinazofuata zinasogea. Kwa mkono, hiyo ni kazi ya usiku mzima.

Programu ya kutunza marejeleo inakuondolea mzigo huo. Unaiingizia taarifa za kitabu mara moja tu, nayo inazipanga kwa mtindo wowote utakaoutaka. Msimamizi akibadili mawazo na kutaka mtindo mwingine, unachagua mtindo huo na orodha nzima inajipanga upya. Zipo programu kadhaa. EndNote ni ya kulipia. Mendeley ni ya kampuni ya Elsevier, na programu yake ya simu ilisitishwa mwaka 2021. Kwa msomaji wetu tunapendekeza Zotero, iliyotolewa mwaka 2006 na watu wa historia katika Chuo Kikuu cha George Mason, jimbo la Virginia nchini Marekani. Jina hilo limetokana na neno la Kialbania lenye maana ya kumudu jambo kwa kujifunza. Ni ya bure, na inapatikana kwa kompyuta na pia kwa simu za Android na iPhone.

Kama huna kompyuta na hutaki kuongeza programu kwenye simu iliyojaa, anza na ndugu yake mdogo anayeitwa ZoteroBib. Huyu hapakuliwi. Unaandika zbib.org kwenye kivinjari cha simu yako, bila akaunti wala nenosiri, na kisanduku kinatokea. Ukiwa na kitabu mkononi, tazama nyuma ya jalada au kwenye ukurasa wa haki za kunakili, utafute namba ya ISBN. Iandike, na mara nyingi jina la mwandishi, kichwa, mwaka na mchapishaji huja vyenyewe. Makala za majarida zina namba yao iitwayo DOI, inayoanza na 10 na nukta, kwa kawaida juu au chini ya ukurasa wa kwanza. Kazi hii hula bando kidogo sana, kwa sababu yanayopita ni maandishi matupu.

Tahadhari moja: orodha ya ZoteroBib inakaa ndani ya kivinjari chako. Ukifuta data za kivinjari ili kupata nafasi, au simu ikiibwa, orodha imekwenda nayo. Kuna kitufe cha kutengeneza kiungo cha orodha yako. Kitengeneze kila unapomaliza kuongeza vyanzo, ujitumie mwenyewe kwa WhatsApp au barua pepe. Anayeandika tasnifu nzima ni afadhali afungue akaunti ya Zotero yenyewe. Taarifa za vitabu hazina kikomo kule. Kikomo kipo kwa faili unazoambatisha, kama makala za PDF, ambazo zina megabaiti 300 za bure.

Sasa tufike mahali ambapo programu hizi hutukosea sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Zilitengenezwa kwa kufikiria majina ya watu wenye jina la kwanza na la ukoo. Ukiandika kwamba mwandishi ni Wizara ya Afya, programu inaweza kukurudishia "Afya, W. ya", kana kwamba Afya ni ukoo wa mtu fulani. Makosa ya namna hii yanaonekana kwenye tasnifu nyingi, na mtahini akiyaona anajua kwamba mwanafunzi hakuisoma orodha yake mwenyewe. Kando ya jina la mwandishi kuna kitufe cha kugeuza visanduku viwili viwe kimoja. Kibonyeze kila mwandishi anapokuwa taasisi, kama wizara, halmashauri, au TUKI iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981.

Majina ya watu nayo yanataka uamuzi mmoja. Ukimwandika mtaalamu "Mulokozi, M. M." mahali pamoja na "Mulokozi, Mugyabuso" mahali pengine, programu itadhani ni watu wawili wa ukoo mmoja na kuanza kuwatofautisha ndani ya maandishi yako. Chagua namna moja.

Halafu kuna herufi kubwa. Mitindo kama Chicago na MLA hufuata kawaida ya Kiingereza ya kukuza herufi ya kwanza ya karibu kila neno kwenye kichwa cha kitabu. Kwa hiyo "ya" ya Kiswahili, ambayo programu haijui kuwa ni kiunganishi tu, inageuka "Ya". Dawa ni ndogo mno: kwenye kisanduku cha lugha andika sw, yaani Kiswahili. Programu itaacha kichwa kama ulivyokiandika.

Na vitabu visivyo na namba? Mfumo wa ISBN ulianza mwaka 1970, hivyo vilivyochapishwa kabla ya hapo havina, na hata vingi vya baadaye vilivyotolewa na wachapishaji wadogo havimo kwenye hifadhi za mtandaoni. Hapo unajaza kwa mkono. Piga picha ukurasa wa jina la kitabu na ukurasa wa nyuma yake, kisha piga ukurasa wenye maneno utakayonukuu, namba ya ukurasa ikionekana. Ukifika nyumbani, ujaze. Picha tatu hizo zinaokoa safari nyingi za mjini.

Wanaofanya utafiti vijijini mara nyingi chanzo chao ni mzee aliyekaa mkekani. Zotero ina aina ya chanzo iitwayo mahojiano, na hata ya matangazo ya redio, kwa hiyo kipindi chetu nacho kinaweza kurejelewa kwa tarehe na jina lake. Lakini fahamu kwamba mtindo wa APA huhesabu mazungumzo binafsi kama kitu ambacho msomaji hawezi kukifuata, hivyo hutajwa ndani ya maandishi pamoja na tarehe, na hakiingii kwenye orodha ya mwisho. Muulize msimamizi mapema chuo chako kinataka nini.

Jambo ambalo programu hizi haziwezi kukufanyia ni kusoma. Zinapanga ulichozipa, kiwe kweli au uongo. Suala hili limekuwa zito tangu watu waanze kuomba marejeleo kutoka kwa akili mnemba kama ChatGPT, ambayo huweza kutunga kitabu kisichokuwapo chenye mwandishi, mwaka na jarida linalosikika kuwa la kweli. Juni 2023, jaji wa mahakama ya shirikisho jijini New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi za kubuni zilizotungwa kwa njia hiyo. Kipimo cha haraka ni DOI: iandike kwenye doi.org. Ikikataa, au ikifungua makala ya mambo mengine kabisa, usikitumie chanzo hicho mpaka umekiona kwa macho yako.

Kuna pia makala zilizokuwapo kweli lakini zikafutwa. Mfano unaojulikana na wahudumu wa afya ni makala ya mwaka 1998 katika jarida la Lancet, iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Jarida liliifuta mwaka 2010, lakini nakala zake bado zinazunguka mitandaoni. Tangu 2019 Zotero hukagua vyanzo vyako na kukuonya ukiwa na makala iliyofutwa. Muuguzi anayeandika kuhusu chanjo asilipuuze onyo hilo.

Mwisho ni kazi ya kompyuta. Kuunganisha marejeleo ndani ya Word au LibreOffice, ili namba na orodha zijipange zenyewe, hakufanyiki kwenye simu. Utahitaji kompyuta yenye Zotero kwa siku chache za kumalizia, ya shuleni au ya kuazima, na vyanzo ulivyokusanya kwa simu utavikuta humo ukiingia kwa akaunti yako. Unapoipeleka kazi steshenari kuchapa, peleka nakala ya PDF na ubaki na faili ya Word kwako. Fundi wa steshenari akiifungua ile ya Word na kurekebisha herufi mbili tatu kwa nia njema, anaweza kuvunja viungo vya marejeleo bila kujua, nawe utakuja kujua siku msimamizi atakapotaka uongeze chanzo kimoja.