Kompyuta hupanga kurasa, msomaji ni mtu

Juma hili tuzungumzie kazi ambayo matunda yake tunayashika kila siku: upangaji wa kurasa kwa kompyuta. Kadi ya arusi, ratiba ya ibada ya mazishi, ripoti ya chama cha ushirika wa kahawa, hata tangazo lililobandikwa ukutani karibu na stendi ya Moshi, vyote hupita kwa mpangaji kabla ya kufika mashineni.

Zamani herufi za risasi zilipangwa moja moja kwa mkono. Baadaye maandishi yalitolewa kwenye karatasi, yakakatwa kwa wembe na kubandikwa kwa gundi, kisha ukurasa ukapigwa picha ili kutengeneza bamba la kuchapia. Komkya, gazeti la Wachagga la miaka ya 1950, ni la enzi ambapo hakuna aliyeota kuufanya ukurasa mezani kwake.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1985. Kampuni ya Aldus ya Seattle, Marekani, iliyoanzishwa na Paul Brainerd, ilitoa programu ya PageMaker. Jina la kampuni lilitokana na Aldus Manutius, mchapaji mashuhuri wa Venice wa zaidi ya miaka 500 iliyopita. Mwaka huohuo Apple ilitoa printa ya leza kwa dola 6,995. Ghali, lakini nafuu kuliko kiwanda.

Kwetu Tanzania uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku mwaka 1974, kwa hiyo tulichelewa. Lakini vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992 na magazeti ya watu binafsi kuongezeka, watu wachache chumbani waliweza kutayarisha gazeti zima.

Je, programu hii hufanya nini? Haikuandikii habari. Inakupa ukurasa mtupu, nawe unachora visanduku: hiki cha kichwa cha habari, hiki cha picha, hizi safu tatu za maandishi. Maneno yakijaa safu ya kwanza, yenyewe hutiririkia ya pili. Ukifuta aya, yaliyobaki hujipanga upya. Wembe na gundi havina kazi tena.

Hata hivyo, mashine haijui Kiswahili mpaka uielekeze. Ukiiachia kanuni za Kiingereza, inaweza kulikata neno "wachapishaji" vibaya, mstari ukaishia na "wachapis-" na unaofuata ukaanza na "haji", kana kwamba kuna mtu amerudi Makka. Silabi zetu huishia na irabu: wa-cha-pi-sha-ji. Kama programu haina kanuni za Kiswahili, zima ukataji wa maneno, kisha kata mwenyewe panapobidi. Na kwa kuwa maneno yetu ni marefu, safu nyembamba mno huacha mapengo kama meno ya mzee.

Lipo jambo zito zaidi. Adobe iliinunua Aldus mwaka 1994, ikaleta InDesign mwaka 1999, na toleo la mwisho la PageMaker likatoka mwaka 2001. InDesign za sasa hazifungui mafaili hayo ya zamani. Kitabu cha historia ya usharika au cha ukoo, kilichopangwa wakati ule na kuhifadhiwa kwenye disketi tu, leo ni sanduku lililopotelewa na ufunguo. Wazee waliosimulia wengine wamekwisha tangulia, na hawatasimulia tena.

Kwa hiyo, ukimpelekea mtu wa stesheneri kazi yako, usiondoke na nakala zilizochapwa peke yake. Mwombe faili la PDF, mwombe na maandishi matupu, uyahifadhi mahali pawili. Asiye na fedha za InDesign, ipo Scribus, ambayo hutolewa bure. Na kabla ya kuchapa nakala 500, mpe mtu mwingine asome. Kompyuta hunyoosha mistari. Jina la marehemu lililokosewa haiwezi kulitambua.