Sigara mahali pa watu wote: uhuru wa mmoja na pumzi za wengine



Kila tunapozungumza juu ya sigara katika makanisa yetu ya mashariki, mazungumzo yanaenda mbio kwenye swali moja: je, kuvuta ni dhambi? Leo tunaomba swali hilo lingoje kidogo. Kuna lingine ambalo Wakristo wa Makomeno, Kalemie, Bukavu au Goma wanakutana nalo kila siku, wawe wavutaji au wasiwe. Mtu akiwasha sigara mahali walipo wengine, serikali ina haki ya kumkataza? Na ikimkataza, nani atasimamia katazo hilo bila kuligeuza kuwa njia nyingine ya kuwatoza watu falanga?

Tunaandika kutoka Makomeno, mtaa wa komini ya Lubumbashi. Kwetu mambo yote yamekaribiana: terasi ya bia, sale ya harusi, shule, kanisa, kituo cha taksi-basi. Katikati yake anapita kijana mwenye kisanduku cha biskuti, peremende na sigara. Anauza moja moja, na mteja anawasha papo hapo kwa kiberiti cha muuzaji. Hakuna anayeshangaa. Mama mwenye mtoto mgongoni anageuza uso upande wa pili, basi.

Wengi wanafikiri kwamba Kongo haina sheria juu ya jambo hili. Inayo. Mwaka 2005 nchi yetu iliridhia Mkataba wa OMS, yaani Shirika la Afya Duniani, juu ya kupambana na tumbaku. Kifungu cha 8 cha mkataba huo kinazitaka nchi kuwalinda watu na moshi wa sigara katika sehemu za kazi zilizo ndani ya majengo, katika vyombo vya usafiri vya abiria, na katika majengo yanayoingiwa na watu wote. Wizara ya Afya ilitoa agizo lake juu ya tumbaku mwaka 2007. Tarehe 13 Desemba 2018 ikaja sheria nambari 18/035 juu ya misingi ya afya ya umma, nayo inagusa tumbaku.

Juu ya hizo zote iko Katiba ya 2006. Kifungu cha 16 kinampa kila mtu haki ya kukuza utu wake kwa uhuru, na papo hapo kinaweka mipaka: sheria, utulivu wa umma, haki za wengine, maadili mema. Kifungu cha 53 kinampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya. Kwa hiyo anayesema “ni uhuru wangu” na anayesema “ni hewa yangu” wote wawili wana kifungu cha kushika mkononi. Ndiyo maana ugomvi huu haumalizwi kwa kupaza sauti.

Tuanze na hewa. OMS inahesabu watu zaidi ya milioni 7 wanaokufa kila mwaka kwa sababu ya tumbaku, na zaidi ya milioni 1 kati yao hawakuvuta wenyewe. Walikaa tu karibu na wavutaji. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na karibu 70 kati yake zinajulikana kuleta kansa. Kufungua dirisha la taksi-basi kunapunguza harufu, hakuondoi sumu. Mwaka 2007 nchi zilizo ndani ya mkataba zilikubaliana wazi kwamba mashine za kupitisha hewa na vyumba vya pekee vya wavutaji ndani ya jengo havitoshi. Ndani ya jengo, dawa ni moja: asiwashe mtu.

Sisi wa Lubumbashi tunajua vizuri kwamba moshi haukai kwa mwenyewe. Tanuri la shaba la Union Minière lilianza kuwaka mwaka 1911, baadaye likawa la Gécamines. Upepo wa mji huu unatoka zaidi kusini-mashariki. Basi moshi wa tanuri ulilala miaka mingi juu ya upande wa kaskazini-magharibi, miti ikafa, udongo ukabaki mtupu, na wachunguzi wamelichora eneo hilo kwenye ramani. Watu walioishi chini ya moshi ule hawakuulizwa kama wanautaka.

Hapo ndugu mmoja atatujibu: kama mji mzima umevuta moshi wa tanuri, na kila jioni tunavuta moshi wa makala na vumbi la magari, kwa nini kumsumbua mzee na sigara yake moja? Swali hilo ni la haki, na kanisa linalonyamaza juu ya viwanda halafu linapiga kelele juu ya sigara halitasikilizwa na mtu. Lakini moshi wa kiwanda unahitaji serikali, makampuni na miaka. Moshi wa ndani ya sale ya harusi unaweza kuzimwa Jumamosi hii.

Sasa tuje kwenye uhuru. Katazo la kuvuta mahali pa watu wote halimkatazi mtu kuvuta. Linamwambia: si hapa. Mvutaji anaweza kutoka nje dakika tano, akarudi kwenye kiti chake. Mtoto aliye mapajani mwa mama yake hawezi kutoka. Binti anayeleta chupa mezani katika terasi iliyofungwa naye hawezi; akitoka, amepoteza kazi. Mwaka 2004 Ireland ilikuwa nchi ya kwanza duniani kufunga sigara katika sehemu zote za kazi za ndani, hata baa, na hoja iliyoshinda ilikuwa hiyo hiyo ya wafanyakazi: mtu asilazimishwe kuchagua kati ya mshahara na mapafu yake. Kwa maoni yetu hoja hiyo ni nzito kuliko mahubiri mengi juu ya ubaya wa sigara, kwa sababu inamweka mbele aliye dhaifu zaidi katika chumba kile.

Kuna njia nyingine, ya kumwandama mvutaji mwenyewe popote alipo, na tunaona hatari yake. Bhutan, nchi ndogo ya Asia, ilikataza uuzaji wa tumbaku mwaka 2004, kisha ikatunga sheria kali mwaka 2010. Mwaka 2011 mtawa kijana alihukumiwa miaka 3 gerezani kwa sababu ya tumbaku ya kutafuna ya thamani ya dola chache tu. Magendo hayakwisha, na mwaka 2021 Bhutan ilifungua tena biashara hiyo. Sheria iliyotaka kulinda afya ilikuwa imemfikisha gerezani mtu ambaye hakumpulizia mtu yeyote moshi.

Majirani zetu wamepita katikati ya njia hizo. Kenya ilijaribu mwaka 2006 kwa tangazo la Waziri Charity Ngilu, mahakama ikalisimamisha; ikabidi Bunge litunge sheria mwaka 2007, iliyoanza kazi mwaka 2008 na kuruhusu sehemu maalumu za kuvutia. Rwanda ina sheria yake tangu 2013. Uganda ilitunga yake mwaka 2015, ikamtaka mvutaji akae mita 50 kutoka mahali pa watu wote. Kampuni ya British American Tobacco ilikwenda kuipinga mbele ya Mahakama ya Katiba ya Uganda, ikashindwa mwaka 2019. Mwaka huo huo ilishindwa pia mbele ya Mahakama ya Juu ya Kenya juu ya kanuni za tumbaku. Kwa hiyo hoja kwamba makatazo haya yanavunja haki imepimwa na majaji wa eneo letu, haikusimama.

Lakini kushinda mahakamani ni jambo moja, barabarani ni jingine. Tufikirie hapa kwetu. Tuseme kesho amri inatoka kwamba anayevuta hadharani alipe faini, na polisi wanatumwa mitaani. Nani atakamatwa? Tajiri aliyekaa nyuma ya kioo cheusi cha sale ya kupoza hewa hataguswa. Atakamatwa yule kijana wa kisanduku, na fundi aliyesimama kando ya barabara baada ya kazi, mahali ambapo upepo ungeuchukua moshi wake bila kumdhuru mtu. Atalipa bila kupewa karatasi ya malipo, na kesho yake atawasha tena palepale, kwa sababu amekwisha kujua bei. Wote tunaijua njia hiyo. Tumeiona katika mambo mengine mengi ya barabarani, na hatuna haja ya kuyataja.

Ndiyo maana tunaona sheria ya namna hii inafaa imtafute kwanza mwenye mahali. Mwenye terasi anajua nani amewasha. Shofeli wa taksi-basi anajua. Mkuu wa shule, mwenye sale, mkubwa wa ofisi, wote wanajua. Mtu huyo ana mlango, ana jina kwenye karatasi za komini, na hawezi kutoroka na jengo lake. Akiweka kibao ukutani na kuondoa vyombo vya majivu mezani, kazi kubwa imekwisha kabla polisi hajaitwa. Sheria za Kenya na Uganda nazo zinaweka mzigo juu ya msimamizi wa mahali, na kwetu ambako mshahara wa polisi ni mdogo na kishawishi ni kikubwa, sababu ya kufanya hivyo ni kubwa zaidi. Shofeli akisema “ndani ya gari langu hakuna sigara”, abiria wanatii bila faini. Atakayebisha atasikia sauti za mama wote wa viti vya nyuma.

Na kanisa je? Kanisa nalo ni mwenye mahali. Tuna majengo, shule, vituo vya afya, na lupango kubwa zinazokodishwa kwa harusi na kwa kilio. Hapo hatuhitaji kungoja mtu kutoka Kinshasa.

Lakini hapa ndipo lile swali la kwanza, la dhambi, linaporudi, na tunaomba lishikwe kwa uangalifu. Jumuiya zetu za Kiprotestanti hazina desturi moja. Nyingi zilipokea kutoka kwa wamisionari fundisho kwamba mshiriki havuti wala hanywi pombe, na baadhi zinamsimamisha Meza ya Bwana anayeonekana na sigara. Kila jumuiya ina haki ya kuwa na nidhamu yake. Hatuandiki ili kuibomoa. Tunauliza tu: mshiriki anayeogopa kuonekana anavuta wapi? Hatasimama barabarani, mzee wa kanisa atampita. Atavuta nyumbani, mlango umefungwa, pazia limeshushwa, watoto wamelala chumba cha pili. Yaani aibu inausukuma moshi kutoka mahali penye upepo hadi mahali pabaya kuliko pote, ambapo sheria haifiki na mtoto hana pa kukimbilia. Tukimlazimisha mtu ajifiche, watakaolipa ni watu wa nyumba yake.

Mtume Paulo alikutana na jambo la namna hii Korintho, juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu. Hakuanza kwa kuuliza nyama ni nini. Aliuliza ndugu aliye dhaifu atapata nini nikiila mbele yake, na akawa tayari kuiacha nyama maisha yake yote kuliko kumwangusha huyo ndugu. Uhuru wake haukunyang'anywa na mtu, aliushusha mwenyewe. Katika barua hiyo hiyo anasema pia kwamba hatakubali kutawaliwa na kitu chochote, na mvutaji anayelielewa neno hilo vizuri ni yule aliyejaribu kuacha mara nne akashindwa. Nikotini inashika. Wengi walianza wakiwa vijana, kwa sigara moja iliyonunuliwa kwa kijana wa kisanduku. Mtu kama huyo anahitaji mahali pa kusema “nimeshikwa” bila kupoteza kiti chake kanisani, na muuguzi wa kituo chetu cha afya anayeweza kukaa naye.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa parokia ni dogo. Mkataba wa kukodisha sale uwe na mstari mmoja: ndani hakuvutwi sigara wala chicha, na aliyekodi ndiye atakayejibu. Kibao kiwe mlangoni, kwa Kiswahili na Kifaransa. Nje, mbali na mlango na mbali na jiko la mama wanaopika, pawe na benchi chini ya mti na kopo lenye mchanga, ili anayevuta ajue pa kwenda na asijione amefukuzwa.

Kazi ngumu itakuwa wakati wa kilio. Usiku wa pili, wanaume wamekaa ndani ya hema, mvua inanyesha, na mjomba wa marehemu anatoa pakiti mfukoni. Kijana wa protokoli hawezi kumwambia baba wa umri ule azime. Itakuwa matusi juu ya msiba. Tunaona amwendee mzee wa rika lake, akae kando yake, amwombe kwa sauti ya chini watoke wote wawili hadi kwenye baraza, na abaki naye huko mpaka sigara imalizike.